Ukienda stesheni ya Kahe, nenda na mzee wa reli

Kazi yangu ni kuchomelea: mageti, madirisha, meza za mama lishe, vitanda vya chuma vya shule za bweni. Kibanda changu kiko Pasua, Moshi. Nalitaja hili mapema ili ujue ni jicho la nani linakuelekeza. Mtu mwingine angekupeleka Kahe ukapige picha ya stesheni na Mlima Kilimanjaro kwa nyuma, mkarudi. Mimi nakutaka uangalie chini, kwenye vyuma, na uangalie ukiwa na mtu aliyewahi kulipwa mshahara kwa kuvitunza.

Kahe iko tambarare, kusini-mashariki ya Moshi mjini, kwenye joto na vumbi, mahali ambapo maji ya mlimani hugeuka kuwa mifereji ya mpunga na mahindi. Wengi wanaifahamu kwa mazao. Wachache wanajua kwamba hapo ndipo reli mbili zilipokutana: ile ya Mjerumani iliyotoka Tanga, na ile ya Mwingereza iliyotoka Voi, Kenya. Ya kwanza bado inapitisha treni chache. Ya pili imekufa. Stesheni inayobeba mambo mawili kama hayo haifai kutembelewa peke yako, utaona nyasi tu.

Kwa hiyo tafuta mtu kwanza, siku mtapanga baadaye. Wastaafu wa reli Moshi hawajifichi. Wako kwenye vijiwe vya kahawa, wako kwenye bao, wako nje ya kanisa Jumapili wakibishana kuhusu mvua. Ila si kila mstaafu anafaa kwa safari hii, na hapa nina msimamo wangu. Aliyekaa ofisini atakusimulia mabosi na uhamisho. Dereva atakusimulia mwendo na ajali. Unayemtaka ni mtu wa njia: aliyekuwa kwenye genge, yaani kundi la watunza njia, aliyepanga kokoto, aliyekaza boliti juani. Huyo hasimulii sana, anaonyesha kwa kidole.

Wangu namwita Mjomba, ingawa hatuna undugu. Aliingia kazini kijana kabisa enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, jumuiya ikavunjika akiwa kwenye genge, akamalizia kazi akiwa nyapara. Alikuja kibandani kwangu kutengenezewa mpini wa jembe, akaokota kipande cha chuma nilichokuwa nakikata, akakigeuzageuza, akaniambia hicho kilikuwa sehemu ya reli na hakikupaswa kuwa kwangu. Alikuwa sahihi. Urafiki wetu ulianzia kwenye maelezo niliyotakiwa kuyatoa siku ile.

Ukimpata wa kwako, mambo ya adabu ni machache. Shikamoo yake ipate nafasi, usiirushe huku unaangalia simu. Usimwambie utamlipa kama mtembeza watalii; mpe nauli, mlipie chakula, na mkirudi mpelekee sukari nyumbani, ili na mke wake ajue mzee alikuwa wapi siku nzima. Na usianze wewe habari ya mafao. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki wamezungushwa na suala hilo miaka na miaka, wakaenda mahakamani, wakaandamana. Akilianzisha mwenyewe, sikiliza hadi mwisho. Ukilianzisha wewe, hutapata kingine siku hiyo.

Siku sasa. Epuka masika, Machi hadi Mei. Udongo wa Kahe ukilowa unashika viatu kama saruji mbichi na bodaboda wanakataa. Juni hadi Oktoba ni wakati mzuri. Ondokeni Moshi alfajiri, mfike kabla jua halijawa kali, kwa sababu mzee wa miaka sabini na kitu hapaswi kutembea kwenye kokoto saa saba mchana, na pia kwa sababu ya jambo la mianya ya reli nitakaloeleza. Ulizieni ratiba ya treni stesheni ya Moshi siku moja kabla, wala msitegemee aliyekuambia mwezi jana. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya, ikasogea hadi Arusha Oktoba 2020, lakini hupita siku chache tu za wiki, na mvua zikiharibu njia husimama. Mimi napendelea siku isiyo na treni, ili mzee asiwe na wasiwasi kila dakika. Yeye anapendelea siku yenye treni. Tumekubaliana kupishana.

Ruhusa ni lazima. Sheria hairuhusu mtu kujitembelea kwenye njia ya reli apendavyo, hata kama unawaona wanakijiji wanavuka na ng'ombe. Pita kwa mkuu wa stesheni Moshi, eleza unakwenda kuangalia na nani, omba na ruhusa ya kupiga picha. Mkifika Kahe jitambulisheni tena kwa mtu wa reli mtakayemkuta, na kwa mwenyekiti wa kijiji. Hapa ndipo faida ya mzee inapoonekana. Ukiwa peke yako na begi na kamera, wewe ni mnunuzi wa chuma chakavu hadi uthibitishe vinginevyo. Ukiwa na Mjomba, unaulizwa kama mtakunywa chai.

Vya kubeba: maji ya kutosha, kofia, viatu vilivyofunika vidole, daftari, futi ya fundi, brashi ndogo ya waya iliyochakaa, na chaki. Chaki usiisahau. Nyundo acha nyumbani, usije ukaonekana nayo kwenye reli.

Mkifika, jengo lisikushike. Lipe dakika kumi: angalia kuta, paa, jina la stesheni, mahali dirisha la tiketi lilipo. Kisha shukeni.

Anza na upana. Pima kati ya vichwa vya reli, upande wa ndani hadi upande wa ndani, kwenye njia ya pembeni na si njia kuu. Futi itasoma milimita 1,000, au imezidi kidogo pale chuma kilipolika. Ndiyo geji ya mita iliyotumika Tanga, Dodoma, Nairobi na Kampala. Reli mpya ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma ina milimita 1,435. TAZARA, ile ya kwenda Zambia, ina 1,067. Ukishaipima kwa mkono wako utaelewa kwa nini behewa la TAZARA haliwezi kuja Kahe, na kwa nini mizigo hushushwa na kupakiwa upya kule Kidatu njia mbili zinapokutana.

Halafu soma reli. Reli ina kichwa kinachobeba gurudumu, kitako kinachokaa kwenye taruma (ule mhimili unaolazwa kukingama chini ya reli), na ubavu mwembamba katikati. Kwenye ubavu huo kiwanda huacha maandishi yaliyoinuka wakati chuma kikiwa bado chekundu: jina la kiwanda, mwaka, pengine uzito, pengine vijistari vya kuhesabu miezi. Kutu huyaficha. Piga brashi polepole kuondoa vumbi, kisha lalisha chaki ubavuni na uisugue. Itashika kwenye herufi zilizoinuka tu, na jina litajitokeza jeupe. Kwenye vyuma vya Mjerumani, majina ya kutafuta ni kama Krupp na Bochum. Kwenye vya Mwingereza utakutana na uzito kwa ratili kwa kila yadi: 60, 80.

Watu hukosea mahali pa kutafuta. Wanakwenda njia kuu wakidhani kongwe iko pale. Njia kuu ndiyo inayobadilishwa kwanza, maana ndiyo inayobeba uzito. Reli nyepesi ya zamani ikitolewa haikutupwa: ilihamishiwa njia za pembeni, na ikichoka huko ikawa nguzo ya uzio, mhimili wa paa la bohari, kizuizi cha mwisho wa njia, daraja la mtaro. Kwa hiyo tembea ukikagua nguzo. Mjomba ana tabia ya kugonga kila nguzo ya chuma kwa kifundo cha kidole, na kabla sijaona chochote ameshasema ni reli ya uzito gani. Mimi nashika chuma kila siku na bado hunipita.

Mataruma nayo yana habari. Mjerumani alitandika mengi ya chuma, kwa sababu mchwa wa nchi hii walikuwa wanamaliza mbao. Taruma la chuma ni kama hori lililofunikwa: tumbo wazi chini, ncha zake mbili zimekunjwa kushuka ili ziume kokoto na njia isihame pembeni. Likiwa zima na limeshindiliwa vizuri, mzee akilikanyaga kwa kisigino linatoa sauti nzito, fupi. Likiwa na uwazi chini linalia. Genge lilikuwa linatembea na nyapara mbele akisikiliza hivyo, na pale lilipolia wanasimama, wanainua, wanashindilia kokoto kwa sururu upande mmoja na mwingine. Mwombe mzee akuonyeshe jinsi walivyosimama wawili wawili na kupokezana. Wengi wataanza na wimbo hata kabla hujaomba. Usirekodi bila kumwuliza, maana baadhi ya maneno ni matusi kwa mabosi waliokwisha kufa.

Sasa ile mianya. Kati ya reli na reli, pale zinapoungwa kwa vile vibamba viwili vya chuma na boliti wanavyoita fishipleti, huachwa nafasi ndogo. Fika asubuhi, ipime, andika. Rudi saa sita, pima palepale. Reli ya mita 12 ikipanda joto kwa nyuzi 30 hurefuka karibu milimita 4, na kwenye uungio uliopakwa grisi na usiogandishwa na kutu utaiona tofauti kwa macho. Kwenye uungio ulioshikana na kutu hutaona kitu, na hapo ndipo Mjomba huanza kukunja uso, kwa sababu chuma kinachotaka kurefuka na hakina pa kwenda hujikunja kwenda pembeni, treni ikaanguka. Nimewachomelea watu mageti marefu yaliyogoma kufungwa mchana, kwa sababu hiyohiyo.

Baada ya hapo mwambie mzee akupeleke njia panda. Nimelitunza hili makusudi, na sasa ndipo historia inapofaa, mkiwa mmesimama pale tuta moja linapoachana na jingine. Njia ya Moshi inakwenda kaskazini-magharibi. Ya Same na Tanga inakwenda kusini, kuuvuka mto Ruvu. Kuna mkunjo wa tatu, wa mashariki, unaoelekea Taveta. Reli ikiwa haionekani, tafuta tuta: mstari wa ardhi iliyoinuka kidogo, ulionyooka mno kuwa wa asili, wenye migunga iliyolingana umri. Pakua picha ya satelaiti kwenye simu kabla hujatoka Moshi. Mstari huo unaonekana kutoka angani hata pale ambapo mguuni huoni chochote.

Mjerumani alianza kutandika reli Tanga 1893. Ilifika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa fedha, serikali yao ikaichukua 1899, ikafika Korogwe 1902, na Moshi 1911. Kilomita 352, miaka kumi na minane. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza hawakuwa na namna ya kulisha jeshi kwenye nyika kavu kati ya Voi na Taveta, hasa maji. Kwa hiyo 1915 mafundi wa kijeshi kutoka India walianza kutandika reli kutoka Voi kufuata jeshi, wakapita Maktau, na baada ya mapigano ya Machi 1916 ikaendelea hadi kuungana na ya Mjerumani hapa Kahe. Ilijengwa kwa haraka, kwa ajili ya vita, wala haikukusudiwa kuwa ya wakulima.

Mapigano yenyewe yalifika hadi stesheni. Machi 1916 jeshi la Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, lilisukuma kutoka Moshi, Wajerumani wakavunja daraja la reli mtoni na kurudi nyuma kufuata njia hadi Lembeni. Walikuwa na mzinga uliotolewa kwenye meli yao ya kivita Königsberg, iliyozamishwa kwenye delta ya Rufiji mwaka uliotangulia. Mzinga wa baharini, huku porini, kwenye mpunga. Hawakuweza kuuhamisha, wakaulipua wenyewe.

Baada ya vita kilichokuwa cha jeshi kikawa cha biashara, na Tanga ikaumia. Kahawa ya Kilimanjaro ilipata njia ya kwenda Mombasa kupitia Voi, na mizigo mingi ikafuata huko. Njia kuu ilifikishwa Arusha 1929. Kwa miaka zaidi ya arobaini Kahe ilikuwa mahali pa kupanga mabehewa: haya Tanga, haya Voi, na baada ya kiungo cha Ruvu (ile stesheni ya Pwani, si mto huu) hadi Mnyusi karibu na Korogwe kukamilika 1963, haya Dar es Salaam. Kisha jumuiya ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983, shirika likagawanywa, na kila nchi ikabaki na vichwa vya treni vilivyokuwa upande wake. Ukiwa Same ukitazama milima ya Upare, kilele kirefu kuliko vyote ni Shengena. Kuna kichwa cha mvuke kinachobeba jina hilo, Mount Shengena, namba 5930, kati ya 34 vya aina yake vilivyotengenezwa Manchester na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950. Kiko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kilifanya kazi njia ya Mombasa, ni kweli, lakini Mpare akitaka kukiona kilima chake kikiwa na magurudumu lazima avuke mpaka.

Mzee akiwa amesimama njia panda usimwulize "ilikuwaje zamani". Swali hilo linaleta hotuba. Uliza vitu vidogo vinavyoshikika: nani alikuwa anageuza pointi, pale reli zinapoachana, usiku, na alikuwa na taa gani? Genge lilianzia wapi na kuishia kilomita ngapi? Mshahara ulikuja na behewa gani? Kiberenge, kile kigari cha genge cha juu ya reli, kikikutana na treni mlikifanya nini? Swali hilo la mwisho lilinipa saa nzima. Jibu ni kwamba kiberenge hakitakiwi kukutana na treni, kwa kuwa stesheni hazitoi ruhusa ya kuingia kipande kimoja kwa wawili, na ndiyo maana wote wanaokumbuka kukinyanyua na kukitupa nje ya reli wanakumbuka pia ni nani aliyesahau kuuliza ruhusa.

Msifuate tuta la Taveta mbali. Tembeeni hadi mzee aonyeshe kuchoka, halafu geukeni. Mpaka hauko mbali sana kwa ndege, na pa halali pa kuvukia ni Holili, si porini na begi lenye brashi ya waya.

Chakula pale ni cha kawaida: wali, maharage, mboga, na ukibahatika samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Kaeni na kinamama wanaouza hapo kuliko kula mlichobeba. Wao ndio wanaojua treni ilipita lini mara ya mwisho na ilisimama au haikusimama, kuliko ratiba yoyote iliyobandikwa. Mama mmoja aliniambia huwa anajua treni inakuja kwa kuangalia mbuzi wa jirani waliozoea kulala kwenye tuta. Wakisimama, anaweka maji ya chai.

Msichukue kitu. Hata boliti iliyolegea, hata msumari uliolala kwenye kokoto. Natokea kwenye kazi inayonunua chuma, najua bei ya kilo, na najua vijana waliofungwa kwa fishipleti mbili. Kikipungua kibamba kimoja kwenye njia inayotumika, walio hatarini ni abiria wa Dar es Salaam waliolala. Kama unataka kumbukumbu, weka karatasi juu ya maandishi ya reli, sugua kwa penseli laini, utapata jina la kiwanda na mwaka kwa ukubwa wake halisi. Ninayo moja ukutani kibandani, na wateja hudhani ni chapa ya mashine yangu.

Picha za simu zichapishe studio na umpelekee mzee. Mjomba hana haja ya kutumiwa kwenye simu. Anataka karatasi, nyuma yake yameandikwa majina ya waliokuwepo.

Kabla hamjaagana mwulize nani mwingine wa genge lake yuko hai, na anaishi wapi. Wangu alinitajia fundi wa ishara aliyerudi kwao Korogwe na ambaye, kwa maneno yake, "anaijua Mnyusi kuliko mimi ninavyoijua Kahe". Namba ya simu alinipa. Nimeshapiga, amesema nije baada ya masika, nije na chaki.